Ng'ombe wa Uzi na Kamba Yake

Jumapili moja baada ya ibada, jirani yangu alinirudishia ng'ombe niliyekuwa nimempa mtoto wake. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa uzi, urefu wa kiganja kimoja na nusu, tumboni ana kikopo cha mbegu ili alie akitikiswa. Jirani alikuwa amemfunga kamba shingoni, kamba ya kweli ya katani aliyoisokota mwenyewe, nyembamba kama utambi wa taa, na alivuka hatua nne zilizo kati ya nyumba zetu ameishika kamba ile kwa mkono wa kulia, kama mtu anayemwongoza mnyama kutoka malishoni. Hakumweka juu ya kigoda. Alisubiri nifute mikono, akanikabidhi ncha ya kamba kwanza, kisha ng'ombe.

Nimefuma vichezeo vingi hapa Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na vingine vimerudi. Sikio limeng'oka, au rangi inachuja, au mama amesema mtoto hakitaki. Hiki ndicho pekee kilichowahi kurudi kikiwa hakina kasoro.

Naishi peke yangu. Kwenye kadi yangu ya chakula, mahali pa idadi ya watu pameandikwa moja, na siku ya mgao karani akiwa mgeni huinua macho akatazama nyuma yangu kutafuta wengine. Wa kwangu walibaki njiani au walikwenda kwingine, na hilo si la kurasa hizi. Nina chumba kimoja cha udongo, kiwanja cha kulima nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani, na kazi ya kufuma.

Jirani zangu walikuwa watu wazima watatu. Mwanamume, mkewe ambaye bado ni binti, na mama mzazi wa mwanamume, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Wao ni watu wa ng'ombe, wa juu milimani. Mimi ni mtu wa jembe, wa chini kwenye bonde. Tulitoka mkoa mmoja, Kivu ya Kusini, Kongo, na tulifika Nakivale kwa sababu zinazofanana, lakini kule nyumbani watu wa kwetu na watu wao waliharibikiana sana. Hapa tunachota maji bomba moja na kupanga mstari mmoja, na kila mtu anajua jirani yake ni wa upande gani bila kuuliza. Yule mwanamume hakuwa na hata ndama. Kila asubuhi alikwenda kwenye mashamba ya wenyeji nje ya kambi, akanunua maziwa ya ng'ombe wa watu, akayaleta Base Camp, penye soko la kambi, kwa pikipiki, mikebe miwili ya bati imefungwa nyuma. Nilimwona mara nyingi akiifuta ile mikebe kwa kitambaa hata ikiwa haina kitu.

Mkewe ndiye aliyevuka kwanza. Alikuja asubuhi moja na kigae cha chungu kuomba makaa, akachota, akaona kikapu changu cha nyuzi, akakaa. Kesho yake akaja tena. Nadhani nyumbani kwao moto ulikuwapo siku nyingine, lakini aliendelea kuja na kigae chake. Alikuwa mjamzito, na alipenda kunitania kuhusu sungura ninaowafuma.

"Tantine, leo umezaa bangapi?"

"Babili," nilimjibu. "Na moja bado haina miguu."

Kabla yake hakuna mtu hapa aliyekuwa ameniita shangazi kwa lugha yoyote. Nilikuwa mama wa pale, au mama wa nyumba ya pembeni.

Sungura hao walikuwa wa mwanamke mmoja mwenye duka Kakoba, mjini Mbarara. Anauza vitu vya watoto wachanga: nguo, beseni, shali, poda. Yeye ni mwenyeji, Munyankore, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kupima kitu. Aliwahi kuona kofia niliyomfumia mtoto wa mteja wake, akaulizia mfumaji hadi akanipata, na tangu hapo mara moja kwa mwezi napanda gari la asubuhi na kumpelekea mfuko. Anataka sungura, na anataka dubu. Sungura namjua. Dubu sijawahi kumwona. Alinionyesha picha kwenye simu yake, nikachora kwenye karatasi, na nilipomaliza wa kwanza jirani yangu yule binti alimgeuza mara mbili akasema ni mbwa aliyeshiba.

Kufuma mnyama si kazi ngumu kwa mtu anayeweza kuhesabu. Unaanza na kitanzi kimoja, unaingiza mishono sita kwa kroshe, ile sindano yenye ndoano, unakivuta kitanzi hadi tundu linafumba. Mzunguko wa pili mishono kumi na miwili, wa tatu kumi na minane. Ninafunga kipande cha uzi wa rangi nyingine mahali mzunguko unapoanzia, kwa sababu mtu akikuita mlangoni unapoteza hesabu, na mnyama aliyepotezewa hesabu anapinda shingo. Nilijifunza hayo kwa mama mmoja wa kanisani kwetu, zamani, naye aliyajifunza kwa masista.

Kilichonichukua muda ni sauti. Nilijaribu maharage, yakatoa sauti ya mtu anayebisha hodi. Mchele ulikuwa kama haupo. Vijiwe vilikuwa vikali, mtoto wa kwanza niliyemtikisia alishtuka akalia. Mwishoni nilikaa na mtama, punje arobaini, ndani ya kikopo cha plastiki cha vidonge. Mtama hauchoshi. Kifuniko nakiyeyusha ukingo juu ya mshumaa kishikane kabisa, kwa kuwa mtoto hutafuna kila kitu, kisha nakishonea kitambaa na kukizungushia sifongo ya godoro, isiyo nyingi, la sivyo inameza sauti ya mtama. Kikopo kinakaa katikati ya tumbo. Nikimaliza nafumba macho na kutikisa. Kama nasikia plastiki nafumua. Kama nasikia mtama peke yake nakata uzi.

Ng'ombe alikuwa wazo langu mwenyewe, na nilidhani ni wazo la biashara. Mbarara ni mji wa ng'ombe. Sanamu yake imesimamishwa barabarani, maziwa yanauzwa kila kona, na watu wa pale husimulia rangi za ng'ombe kama watu wengine wanavyosimulia ndoa. Nilikuwa na uzi wa kahawia uliobaki kwenye dubu. Nikamfuma ng'ombe mwenye pembe ndefu, kama wale ninaowaona kutoka dirishani mwa gari. Kichwa nilianzia puani kwenda juu. Nilipofika kwenye paji la uso niliona uzi wa kahawia hautatosha miguu, nikachukua mweupe wa sungura na kufuma nao mizunguko michache pale, kisha nikarudi kwenye kahawia. Akawa na doa jeupe usoni. Halikuwa limekaa vibaya, nikaliacha.

Mwenye duka alicheka alipomwona. Alimtikisa, akakubali sauti, akapapasa shingo na nundu, akasema rangi hiyo kwao inaitwa bihogo, kahawia iliyokolea, na kwamba nimeipata vizuri. Kisha akamrudisha mfukoni mwangu.

"Sungura leta mingi," alisema. "Ngombe wacha. Ngombe iko kila mahali nje, mtu atanunua ya uzi ya nini? Na hii pembe itaingia mtoto kwa jicho."

Pembe zilikuwa laini, nilizijaza sifongo, lakini sikubishana. Nilirudi Kashojwa na ng'ombe wangu. Nilipofika, mtoto wa jirani alikuwa amezaliwa jana yake, wa kiume, kwenye kituo cha afya, na mama yake alikuwa amelala ndani. Mkwewe alikuwa mlangoni amekaa akisikiliza kila anayepita.

Siku ya nane walimtoa mtoto nje. Kwao ndiyo siku ya kumpa jina, na watu wa kanisa lao walikuja, wanawake kumi hivi na mchungaji, wakakaa chini ya hema la plastiki lililofungwa kati ya nyumba yao na ukuta wangu. Niliitwa na mimi. Mchungaji aliomba, akasoma, akaomba tena. Kisha wageni wakaleta walichokuwa nacho. Sabuni, sukari, kitenge, kuku mmoja. Mimi nilikuwa na sabuni. Niliiweka. Halafu nikatoa ng'ombe kwenye pindo la kanga yangu, kwa sababu alikuwapo, kwa sababu sikuwa na mtoto mwingine wa kumpa, na kwa sababu nilitaka yule binti acheke.

Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba mimi shangazi nimemletea mtoto ng'ombe.

Wanawake walicheka na kupiga makofi. Mmoja wao akasema, sasa mtoto ni tajiri kuliko baba yake, na wakacheka zaidi. Bibi wa mtoto alinyoosha mikono yote miwili, na mtu akamwekea ng'ombe humo. Alimpapasa pembe, shingo, mgongo. Akamleta karibu na uso wake, karibu sana, upande wa jicho linaloona zaidi. Kidole chake gumba kilikuwa kwenye paji la uso la ng'ombe, juu ya lile doa. Kisha akatamka jina. Halikuwa jina la mtoto. Akamuuliza ng'ombe, si mimi, alikuwa wapi muda wote huo.

Wanawake walidhani anacheza. Mimi pia nilicheka. Baba wa mtoto hakucheka, na nilimwona hakucheka, nikadhani amechoka.

Kwa wiki tatu nilisikia kazi yangu ikilia upande wa pili. Sijui kama ninaweza kueleza hilo bila kulikuza. Mtu anayefuma vitu vya kuuza hasikii tena kinachotokea baada ya kukata uzi. Sungura wangu wako kwenye nyumba za Mbarara nisizozijua. Lakini huyu alilia hatua nne kutoka kitandani kwangu, asubuhi, wakati wa kuamka, na nilijua mtikiso wa nani ni upi. Binti alitikisa haraka haraka, mtoto akilia. Bibi alitikisa polepole, mara tatu na kunyamaza, mara tatu na kunyamaza, na kati yake alikuwa akisema maneno kwa lugha yao. Nikawa naamka mapema kidogo ili nisikose. Nilikunywa chai nikisikiliza. Kisha binti alikuja na kigae chake, mtoto mgongoni, nikampa makaa.

Halafu ikaja ile Jumapili.

Baba wa mtoto alisema, "Mama, ngombe yako ni hii."

Niliuliza amekosa nini. Nilikuwa bado nafikiri ni mzaha. Alisimama wima mlangoni, koti lake la ibada bado mwilini, na akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba wiki zote tatu.

"Nani alikuambia kama ngombe yetu ilikuwa na nyota kwa uso?"

"Hapana mutu aliniambia. Uzi iliniishia."

"Uzi."

"Uzi ya kahawia. Ingia nikuonyeshe."

Aliingia. Nilimwonyesha kikapu, mabaki ya kahawia yasiyofika urefu wa mkono, na mpira wa uzi mweupe wa sungura. Alitazama vile vitu kama askari anavyotazama hati za gari. Nadhani aliniamini. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kwamba aliniamini na halikubadilisha kitu. Alinieleza kwa utulivu, mengi yake akiwa anatazama kikapu. Walikuwa na ng'ombe mmoja jike wa rangi ile, mwenye alama ile, aliyekuwa wa mama yake tangu alipoolewa. Ndiye aliyetangulia kundi. Siku kundi lilipochukuliwa mama yake alimwona akitangulia hivyo hivyo, akishuka bondeni na watu wasiowajua, wengine wote wakimfuata. Ndama wake ndio waliolipia shule. Sasa mama yake anamtikisa huyu wa uzi kila asubuhi na kumwita jina.

"Anaiuliza bengine beko wapi," alisema. "Mimi nitamujibu nini?"

Nilirudisha mpira wa uzi kikapuni, naye akaendelea.

"Hapa kila mutu alisikia umetoa ngombe. Kwetu hiyo hapana muchezo. Kama ni zawadi, ni kubwa, sina ya kurudisha. Na kama ni ile yetu, mama, ilichukuliwa na batu ba kwenu. Sisemi ni weye. Lakini mutu hawezi kupewa zawadi kitu yake mwenyewe."

Akaniaga kwa heshima, kwa mikono miwili, akatoka.

Nilibaki nimeishika kamba. Ningependa kuandika kwamba nilikasirika, kwa kuwa mtu asiye na kosa hukasirika. Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia siku ile, na ambalo sijamwambia mtu hapa. Mwaka ule, miezi michache kabla na mimi sijakimbia, nyama ilishuka bei kijijini kwetu. Wanaume walikuwa wameshuka na ng'ombe kutoka juu, wengi, na walichinja kwa haraka. Mimi nilinunua kilo mbili. Niliipika na sombe, yale majani ya muhogo, tukala siku mbili, na ilikuwa tamu. Nilijua imetoka wapi kama kila mtu alivyojua. Mimi ambaye huuliza hadi bei ya kitu nisichonunua, siku hiyo sikuuliza kitu. Nyuma ya nyumba ya mchinjaji ngozi zilikuwa zimewambwa juani kwa vijiti. Nakumbuka nyeusi, nakumbuka ya madoa, nakumbuka za kahawia zaidi ya moja. Sikumbuki kama kulikuwa na yenye nyota. Nimejaribu mara nyingi kuirudia picha ile na kutazama tena, na kila mara naifikia pembeni mwake tu.

Kwa hiyo nilipomwambia ni uzi, nilisema ukweli. Ulikuwa ukweli wa kikapu.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kiberiti kikiwashwa upande wa pili. Binti hakuja. Hakuja siku ya pili wala ya tatu. Tulipokutana bombani alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mwili, hali ya sungura, akaangalia ndoo yake. Hakuniita tantine. Hakuniita chochote. Aliongea na mimi kama mtu anayeongea na mtu mbele ya watu, ingawa tulikuwa wawili.

Nikaendelea na kazi. Nilipeleka Kakoba sungura wanane na dubu wawili, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza nilimuuliza mwenye duka. Sikumweleza yote. Nilisema tu kwamba nilitoa ng'ombe, yule wa uzi, na nimerudishiwa amefungwa kamba. Aliacha kukunja nguo. Kwa mtu aliyecheka ng'ombe wangu, hili hakulicheka. Aliniambia kwamba kwao mtu akitoa ng'ombe wake, kumuuza au kumpa mtu, kamba hairuhusiwi kwenda. Mwenyewe anarudi na kamba nyumbani, ili zizi lisibaki tupu.

"Ukirudisha ngombe na kamba yake, umemaliza," alisema. "Hakuna kitu nabaki kati yenu."

Kisha akaniuliza ni watu gani hao wanaojua vitu hivyo, nikasema ni jirani zangu, akasema basi wamelelewa.

Nilirudi nikakaa na yule ng'ombe. Sikumuuza, sikumpa mtoto mwingine, na kumfumua sikuweza, ingawa uzi wa kahawia nilikuwa nauhitaji. Nilijaribu kufungua ile kamba. Fundo lilikuwa la watu wa ng'ombe, dogo na limejikunja ndani, na kila nilipovuta lilikaza. Ningeweza kukata. Sikukata. Nikapigilia msumari ukutani nje, karibu na mlango, nikamtundika kwa kamba yake. Nilijiambia ni kwa sababu ya unyevu wa ndani. Ukweli ni kwamba kutoka mlangoni kwao msumari ule unaonekana.

Alikaa pale miezi miwili na kitu. Upepo ukivuma alilia kidogo. Bibi, ambaye haoni mbali lakini anasikia, alikuwa akigeuza kichwa.

Mara moja tu alizungumza na mimi. Nilikuwa nimekaa nje nafuma sikio la sungura, yeye amekaa mlangoni kwake na mtoto mapajani. Upepo ulipita. Akasema, bila kunitazama, kwamba ng'ombe anyweshwe maji. Sikujua kama amesema na mimi, au na mtoto, au na mtu wa zamani. Nilitaka kumwambia jambo la ile nyama. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini mwanawe alikuwa ndani, nilisikia mikebe, nikarudi kuhesabu mishono, na nilikuwa nimepoteza hesabu.

Kisha nikasikia wanahama. Mwanamume alikuwa amepata kazi Mbarara, kwenye duka la kukusanyia maziwa huko Kakoba, si mbali sana na mwenye duka wangu. Habari hiyo niliipata bombani kwa wanawake wengine, siku mbili kabla. Nilifuma sungura wa mtoto, mdogo, nikawa namngoja binti nimpe. Jioni ya mwisho alipita na ndoo, nikamwita, akaja. Alimpokea sungura. Akamtikisa, akacheka kama zamani.

"Huyu ana miguu yote," alisema.

Nilimuuliza wataondoka saa ngapi. Akasema gari litakuja mchana, na akaniambia nipite kuwaona kabla sijaenda shamba. Nilisema nitapita.

Sikupita. Nilitoka mapema kabla hawajaamka, nikaenda kwenye kiwanja changu, nikapalilia mahali palipokuwa pameshapaliliwa. Nilijua nikipita nitalazimika kusema kitu, na kitu nilichokuwa nacho cha kusema kilikuwa kimoja. Nilikaa huko mpaka jua lilipoanza kuinama.

Niliporudi gari lilikuwa limeshaondoka. Mlango wao ulikuwa umefungwa kwa waya. Palikuwa na majivu, kigae cha chungu, alama za matairi. Nilitazama kwangu, na msumarini palikuwa na kamba peke yake.

Nilifanya ninachofanya siku zote, nikaangalia kabla ya kufikiri. Kamba haikuwa imekatwa. Ilikuwa imefunguliwa, fundo lile dogo limelegezwa vizuri, kisha kamba imekunjwa mara tatu na kurudishwa msumarini. Mtoto wa kijiji angemchukua ng'ombe na kamba yake akakimbia. Mwizi asingekunja. Waliojua kufungua fundo lile, kwa ninavyojua, ni watu watatu, na wote watatu walikuwa ndani ya gari. Bibi angeweza, kwa vidole, hata bila macho. Binti angeweza. Na yeye aliyelifunga angeweza kuliko wote.

Nimemuuliza jirani wa upande mwingine kama aliona. Aliona wakipakia godoro, mikebe na bibi. Ng'ombe hakumwona.

Kamba iko ndani sasa, kwenye kikapu. Siku nyingine nikichukua uzi inanasa kwenye kroshe. Nimeshakwenda Kakoba mara tatu tangu walipohama. Duka lile la maziwa nimeshaliona, liko kwenye barabara ninayopita, mikebe imepangwa nje na pikipiki imesimama kando. Mara mbili nimevuka nikapita ng'ambo. Mara ya tatu nilisimama, mfuko wa sungura mkononi, mpaka mtu wa bodaboda akaniuliza naenda wapi.

Sijui ni nani kati yao aliyemchukua. Sijui kama alimchukua kama zawadi, akaniachia kamba kwa desturi, au kama alichukua tu kitu chao. Na ile ngozi yenye nyota, kama ilikuwapo nyuma ya nyumba ya mchinjaji au haikuwapo, sijaikumbuka bado.